Usithubutu Kuolewa Naye

Haya wajukuu, fumbueni hili: nina mgeni sebuleni, anaongea kutwa, nikimjibu hanisikii. Mmeshindwa? Ni televisheni. Na mgeni huyo nusura amkoseshe msusi mmoja mchumba.

Walikutana kituo cha mabasi, watu wamesongamana. Kijana alikuwa ametandaza vitabu vya mitumba chini. Msusi, gauni lake la njano likipepea, akaokota hadithi ya mapenzi, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Dada, mwisho hauuzwi peke yake."

"Nahakikisha wanaoana. Wasipooana sinunui, shida ninazo za kutosha."

Kijana akacheka. Wakapeana namba za simu. Ikawa jioni wanatembea mjini taa zikiwaka, wanawasengenya watu wa vitabuni kana kwamba ni majirani. Msusi aliyeshinda amesimama mpaka miguu ikavimba, hapo ndipo alipopumua.

Siku moja kijana akapiga simu, msusi yuko kazini. Mikono imejaa nywele za mteja, simu kaibana kwa bega, macho yako kwenye tamthilia ukutani. Mashine ya kukaushia nywele inanguruma. Kijana alisema jambo, msusi hakulisikia. Kwenye televisheni tapeli alikuwa anamvisha binti wa watu pete.

"Usithubutu kuolewa naye," msusi akafoka. "Mwanaume mwenyewe hana mbele wala nyuma."

Simu ikakatika.

Tangu hapo, kimya. Akipiga, haipokelewi. Akienda kituoni, kijana kahamisha biashara. Vitabu alivyozoea kujiliwaza navyo vikamchosha, tamthilia hazitazamiki. Hasira zote zikaishia kwenye nywele za watu.

"Shoga, hiki ni kichwa changu, si cha bwana wako," mteja mmoja akamwambia.

Akamtafuta mtaa kwa mtaa, akamkuta nyuma ya posta, anapangusa vitabu vumbi.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Kaulize wenye mbele na nyuma."

"Unasema nini wewe?"

"Si ulinijibu mwenyewe, kama mtu anayejikanya? Nikakata simu. Ulitaka nisubiri matusi yaliyobaki?"

Msusi akakumbuka. Akashika kiuno.

"Yule ni tapeli wa kwenye tamthilia. Nilikuwa namwambia yule binti."

"Televisheni inajibiwa?"

"Na wewe unayewasengenya watu wa vitabuni je?"

Kijana akataka kucheka, akajizuia.

"Mimi hata swali sikulisikia, mashine ilikuwa inanguruma. Uliuliza nini?"

Kijana akainama, akaanza kupanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. "Basi, yamepita."

"Hayajapita. Umeninyima usingizi kwa swali nisilolijua. Uliza."

Wapita njia wakapunguza mwendo. Kijana akashusha sauti.

"Nilikuuliza kama nije kwenu kukuposa."

Msusi akamtazama, kanuna bado, machozi yanamlengalenga.

"Njoo," akasema. "Lakini uje Jumapili, saluni tunafunga."