Dungusi la Bi Bashira

Nyumbani kwetu Kiponda maji hayamwagwi ovyo. Bibi yangu amepanga vyungu vya maua juu ya paa, na kila mtu anatawadha mbele yake ili maji ya udhu yanyweshe rehani na asumini. Tuko watu sita, na sala ni tano. Piga hesabu mwenyewe. Rehani zetu zimenona hata majirani hupanda ngazi kuja kuchuma.

Kwa hiyo Bi Bashira aliponiita, nilijiona bingwa wa mimea wa Mji Mkongwe mzima. Yeye ni jirani yetu wa chini, mwalimu mstaafu wa bayolojia, na alikuwa anakwenda Umra wiki tatu.

"Sumaiya!"

"Naam, Bi Bashira. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nakuachia dungusi langu. Nimelilea miaka minne, tangu lilipokuwa dogo kama kifungo cha shati. Liweke juani. Maji ni kikombe kimoja cha kahawa kwa wiki mbili, usizidishe."

Lilikuwa duara, limezidi yai kidogo tu, limejaa miiba myeupe. Nikalihurumia. Kikombe cha kahawa! Hata paka wetu hunywa zaidi. Nikaliweka katikati ya rehani, lipate riziki na wenzake.

Wiki ya tatu nililigusa, likalala ubavu kama mtu aliyeshiba biriani. Chini lilikuwa jeusi, laini, linanuka. Bi Bashira alikuwa anarudi kesho yake!

"Mwambie paka kalila," alisema kaka yangu Mbarouk.

"Paka gani anakula miiba? Labda wewe."

"Basi nngoje hapo hapo."

Alishuka jikoni, akarudi na kijiti cha mshikaki. Akalichoma dungusi kwa chini, akalisimamisha wima, kisha akafunika tope kwa vijiwe vyeupe. "Tazama! Limesimama kama bwana harusi." Mimi, badala ya kumkataza, nilimshukuru.

Bi Bashira alirudi na tende na chupa ya zamzam. Alipoliona dungusi lake limesimama, alitabasamu, akanishika mikono yote miwili.

"Ahsante, mwanangu. Nimekuombea dua Makka, nimekutaja kwa jina. Nilisema, Sumaiya kanitunzia amana yangu."

Mbarouk alinikonyeza ninyamaze. Nikaona bora anichukie kuliko kunishukuru kwa kitu nilichokiua.

"Bi Bashira, sikuitunza," nilisema, na machozi yakaanza. "Nimelinywesha kila siku mpaka limeoza. Limesimama kwa kijiti."

Alivuta kijiti, akakitazama. "Nshakula mishkaki mingi Forodhani," akasema, "lakini wa dungusi sijauona." Kisha akaacha mzaha. "Nipe kisu. Haraka!"

Alikata uozo wote, kipande baada ya kipande, mpaka nyama ikawa ya kijani safi. Ikabaki nusu ya juu tu.

"Njooni muone, nyinyi wawili. Mmeona utomvu mweupe kama wa mnyaa, ule mti wa kuzungushia ua?"

"Hapana," alijibu Mbarouk, macho chini.

"Na miiba inatoka wapi?"

Nilisogeza uso. "Inatoka kwenye vishada vidogo, kama pamba."

"Basi hili si ndugu wa mnyaa, ingawa wapo wanaofanana nalo. Vishada hivyo ndivyo vinavyolitambulisha dungusi halisi. Asili yake ni nchi kame, ndiyo maana maji mengi ni sumu kwake."

Tulikiacha kipande kivulini siku kumi, jeraha likakauka. Mbarouk alipewa kazi ya kuponda matofali, akaponda mpaka jasho likamtoka. Tukakipanda katika changarawe hiyo ya matofali. Baada ya mwezi mmoja kikashika mizizi. Baada ya miezi mitano, asubuhi moja, kilivaa duara la maua madogo ya waridi kichwani, na ubavuni kikatoa chipukizi kama punje ya mbaazi.

Nilikimbia kumwita Bi Bashira. Alikitazama, akasema alhamdulillahi, kisha akalichomoa lile chipukizi taratibu na kuniwekea kiganjani.

"Hili ni lako."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale. Siku ile ungenyamaza, uozo ungefika juu ndani ya siku mbili, na mimi ningekuwa bado nakushukuru. Ulikosea kwa huruma, ukataka kuficha kwa hofu, lakini ulisema wakati bado kuna cha kuokoa. Kila mtu hukosea, Sumaiya. Mimi humwachia amana yule anayeniambia mapema."

Nilisema ahsante, nikalipeleka juani, mbali na rehani.