Mtoto wa Arobaini

Jumatatu hiyo asubuhi mizani ilionyesha gramu mia mbili, na ndani ya mfuko wake hakukuwa na kitu.

Bakhtawar aliirudisha sindano kwenye sifuri, akakung'uta mfuko wa kitambaa ambao watoto hukalishwa ndani yake, akaitundika mizani tena kwenye ndoano ya baraza. Sindano ilitulia kidogo, kisha ikasogea yenyewe, taratibu, mpaka mia mbili. Mfuko ulikuwa umelegea upande mmoja, kama unavyolegea mtoto anapoegemea nyonga moja. Upepo haukuwepo. Mwezi wa Juni kwetu mkoani Sindh, saa nne ya asubuhi hata kuku wanakuwa wamelala chini ya vitanda vya kamba kwa joto.

"Imechoka hiyo," alisema mama mkwe wake, Amma Naziran, bila kuinua macho kwenye dengu alizokuwa akichagua. "Hata mimi ningechoka kubeba matako ya watoto wa wilaya nzima."

Bakhtawar alicheka. Aliirudisha tena sindano kwenye sifuri, akamchukua binti yake, Zeba, akamweka mfukoni ili aijaribu mizani kwa mtoto ambaye uzito wake anaujua. Wiki iliyopita Zeba alikuwa na kilo saba na gramu mia nne. Leo alikuwa na saba na mia mbili.

Hapo hakucheka tena, maana hizo gramu mia mbili alizifahamu.

Kazi yake ilikuwa ya utafiti. Ofisi moja ya madaktari mjini ilikuwa ikijaribu unga wa dawa kwa watoto wachanga wasioongezeka uzito. Nusu ya watoto walipewa unga wenye dawa, na nusu unga wa rangi ileile na ladha ileile usio na kitu, na hakuna aliyejua nani kapata upi, hata Bakhtawar mwenyewe. Yeye alipita vijiji vya kando ya mfereji kila Jumatatu, akapima, akauliza habari za homa na kuhara, akaandika. Kila mfanyakazi alitakiwa kuandikisha watoto arobaini, na watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa. Jumatano ya mwisho ya kuandikisha, Bakhtawar alikuwa nao thelathini na tisa.

Saa sita mchana ya Jumatano hiyo alisimama mbele ya nyumba 417. Namba ilikuwa mlangoni kwa rangi ya buluu, kama nyumba zote walizozihesabu, lakini wenyewe walihama tangu mafuriko, kufuli limeota kutu, na mkunazi wa uani umelaza matawi juu ya paa. Watu wa kijiji hawapiti chini ya mkunazi ule adhuhuri, kwa kuogopa majini. Bakhtawar alipita, kwa sababu alikuwa amechoka na alihitaji mtoto mmoja tu.

Aliandika jina la mama: Lal Khatoon. Jina la mtoto: Sanwal, wa kiume, miezi sita. Fomu ya ridhaa haikubaliwi bila kurekodiwa kwenye simu, kwa hiyo aliwasha simu akausomea mlango uliofungwa karatasi nzima, kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Angeweza kuisomea nyumbani kwake, lakini alitaka njiwa wasikike, ili ifanane na nyumba nyingine. "Je, unakubali mwanao apimwe kila wiki mpaka atimize miezi kumi na minane?" Alinyamaza kidogo, akaziba mdomo kwa ncha ya shuka lake, akajijibu kwa sauti nzito: "Nimekubali." Akachovya dole gumba lake la kushoto kwenye wino, akalibandika mahali pa mama asiyejua kusoma.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu alimpima Zeba nyumbani, akatoa gramu mia mbili ili watoto wasifanane, na namba iliyobaki akamwandikia Sanwal.

Wiki iliyofuata mizani tupu ilionyesha mia nne. Zeba alikuwa na kilo saba kamili. Wiki ya tatu, mia sita.

"Huyu mtoto ana nini?" aliuliza Amma Naziran, akimrusharusha Zeba mikononi. "Uji wa mchele anamaliza bakuli. Maziwa yako anayakamua mpaka unalia. Halafu nikimbeba ni kama nimebeba kilemba cha marehemu."

"Joto, Amma."

"Joto nalijua tangu kabla babako hajaota ndevu. Na hiyo harufu je?"

Bakhtawar alikuwa amekwisha kuisikia. Ilikuwa harufu ya kunazi zilizoiva kupita kiasi na udongo uliolala chini ya maji siku nyingi, na ilitoka kwenye mfuko wa mizani hata alipoufua kwa sabuni mara mbili. Siku zilivyokwenda ilihamia kwenye nywele za Zeba.

Wiki ya tano, Zeba alipofika kilo sita na gramu mia nne na mbavu zake zikahesabika, Amma Naziran hakuuliza tena. Aliwapeleka wote wawili, mama na mtoto, kwa Bibi Hajran, mkunga mzee anayewasomea watoto dua.

"Watu wa ofisi yenu walinipima presha mara mbili, wakasahau kuniletea majibu," alisema Bibi Hajran, akikata uzi mweusi. "Sijui kama ninaishi au vipi. Mlaze hapa."

Alimpima Zeba kwa uzi, utosini mpaka kisiginoni, akafunga fundo. Akapima mara ya pili. Mara ya tatu uzi ulizidi kwa upana wa vidole viwili, ingawa mtoto hakujikunja wala kutikisika. Bibi Hajran aliutazama uzi kwa muda.

"Umemwandika nani, binti?"

Bakhtawar alisema yote, akiwa ameinamisha kichwa, na Amma Naziran akisikiliza.

"Ulisoma kwa sauti?" aliuliza Bibi Hajran.

"Ndiyo."

"Mlangoni?"

"Mlangoni."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Ukaweka na kidole." Bibi Hajran alishusha pumzi. "Sisi tunaowaita kwa makusudi hatufanyi hata nusu ya hayo. Na siku mizani ilipoanza, ilikuwa siku ya ngapi tangu uweke kidole?"

Bakhtawar alihesabu kwa vidole, kutoka Jumatano ile mpaka Jumatatu ile. Zilikuwa arobaini.

"Ulimpa mwanamke jina na mtoto jina, lakini mtoto hukumpa mwili. Kila Jumatatu ulikata kipande cha mwanao kwa kalamu, ukakiacha hewani. Kuna aliyekiokota." Alimfunika Zeba. "Nenda ukaniletee karatasi. Nitaiosha kwa maji mpaka wino utoke wote. Wino ukitoka, naye katoka."

Kesho yake Bakhtawar alikwenda ofisini na Zeba mgongoni. Mlangoni alikutana na Rabel, mwenzake wa kazi, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa akinyonyesha huku anajaza fomu. Mwanawe Murad alikuwa na mikono ya mapindi mapindi na kitambi, na ofisi nzima ilimwita Waziri.

"Msalimie Waziri kwanza, ana kikao," alisema Rabel. Kisha akamwona Zeba, akashusha kalamu.

Madam Lubaina, msimamizi wao, alisikiliza ombi la karatasi bila kuinuka.

"Karatasi haitoki humu, Bakhtawar. Inakaa kabatini miaka kumi na mitano. Na haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kilicho chini kisomeke, unaweka sahihi na tarehe. Wewe ndiye unayewafundisha wenzako hilo."

"Madam, huyo mtoto hayupo. Nilimtunga."

Uso wa Madam ulibadilika. Alifungua kompyuta, akatafuta sauti ya nyumba 417, akaicheza. Njiwa walisikika. Sauti ya Bakhtawar ikasoma mpaka mwisho. Kukawa kimya kidogo. Bakhtawar alisubiri kuisikia sauti yake mwenyewe, ile ya kuziba mdomo.

"Nimekubali," alisema mwanamke mwingine, kwa utulivu, karibu sana na simu. "Njoo kila Jumatatu. Usikose."

Nyuma yake mtoto alicheka. Mgongoni mwa Bakhtawar, Zeba aligeuza kichwa kuitazama kompyuta.

"Sasa niambie," alisema Madam polepole. "Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo kwa sababu umechoka kutembea?"

"Wallahi, Madam, huyo si mtu."

"Ni mama wa mtoto, na mama ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Nenda kamsomee haki yake. Akisema anajitoa, mimi mwenyewe nitalifunga faili."

Bakhtawar alimwacha Zeba kwa Amma Naziran, akachukua mizani na karatasi ya kujitoa, akafika nyumba 417 adhuhuri, kwa sababu hakujua kama saa nyingine ingemjibu.

Kufuli lilikuwa chini, limefunguka. Njiwa walinyamaza wote kwa pamoja. Aliusukuma mlango, na harufu ya kunazi zilizooza ikamfuata mpaka kooni, na chini ya mkunazi uani aliona kitanda cha kamba ambacho kamba zake zilikuwa zimebonyea katikati kana kwamba kuna mtu amekalia, na pembeni yake mahali padogo pamebonyea vilevile, na kivuli cha matawi kilikuwa kimeenea kila mahali isipokuwa hapo pawili, ambapo jua lilianguka likionyesha kamba tupu. Alitaka kukimbia lakini alizikumbuka mbavu za Zeba, akaitundika mizani kwenye tawi, ndoano ikagonga mti mara tatu kabla ya kushika, na kabla hajaondoa mikono yake alihisi mfuko ukishuka, ukijaa, ukivutwa na kitu chenye joto kilichokuwa kikipumua, na sindano ikapita mia mbili, ikapita mia sita, ikasimama kwenye kilo moja kamili, uzito wote uliomtoka mwanawe tangu ile siku ya arobaini, si zaidi wala si pungufu.

Alisoma. Hakujua alipata wapi sauti. "Unaweza kumtoa mwanao katika utafiti huu siku yoyote, bila kutoa sababu, na hutapoteza haki yako yoyote. Je, unataka kujitoa?"

Kamba za kitanda zililia. Kitu kilisogea karibu na sikio lake, na pumzi yake ilikuwa ya baridi katika joto lile.

"Mimi sijitoi," ilisema ile sauti ya kwenye simu. "Uliniuliza vizuri, nikakubali vizuri. Mwanangu anakula kwa mkono unaomwandika. Kama wewe umechoka, jitoe wewe. Aje mwingine mwenye kalamu."

Alirudi mjini kwa miguu, bila mizani. Alimkuta Madam Lubaina akifunga kabati, akamwambia kwamba anaacha kazi.

"Kajitoa?"

"Hapana, Madam. Mimi ndiye ninajitoa."

Madam alikasirika kidogo, kisha akamhurumia. Alichukua orodha ya nyumba, akapiga mstari mmoja juu ya jina la Bakhtawar, kilicho chini kikisomeka, akaweka sahihi na tarehe. Juu yake akaandika: Rabel.

Rabel alimfuata mpaka nyumbani jioni ileile kuchukua ramani ya nyumba. Alikaa barazani, Waziri wake mapajani, akiupepea uso kwa daftari.

"Niambie mapema. Nyumba ipi ina mbwa, ipi ina mama mkali, ipi wananyima hata maji. Nisije nikashangaa."

Bakhtawar alifungua mdomo. Wakati huohuo Zeba, aliyekuwa amelegea kifuani pake siku nzima, alilitafuta titi akalishika, akaanza kunyonya kwa nguvu, akimeza kwa sauti, kama hakuwahi kushiba tangu azaliwe. Amma Naziran aliacha kupeta mchele. Aliwatazama wote, Bakhtawar, kisha Rabel, kisha mtoto wa Rabel, halafu akarudi kwenye mchele wake.

"Ya tatu ina mbwa," alisema Bakhtawar. "Lakini amefungwa."

Wiki tatu baadaye Zeba alikuwa amerudi kilo saba, na nywele zake zilinukia mafuta ya nazi tu. Bibi Hajran alipoulizwa alisema hakuosha karatasi yoyote, hivyo wasimshukuru yeye.

Rabel alipita siku moja kunywa chai, akiwa na mizani mpya begani na mwanawe amefungwa kifuani kwa shuka. Alikuwa amekonda kidogo usoni, lakini maneno yalikuwa yaleyale.

"Yule Lal Khatoon wa 417 ni mkarimu kuliko wote. Ananitandikia kitanda chini ya mkunazi. Na mtoto wake, mashallah, nikimbeba mkono unaniuma. Kasema nikusalimie. Kasema asante kwa kunileta." Alianza kulifungua shuka kifuani. "Hebu nishikie Waziri, chai isipoe. Siku hizi ananisumbua kula."

Bakhtawar alisimama, akaikaza mikono yake tayari kwa kitambi kile alichokijua. Rabel alimkabidhi mtoto, na mikono ya Bakhtawar ikapaa juu yenyewe mpaka kidevuni, kama ya mtu anayeinua mtungi akidhani umejaa.