Dobi wa Manowari

Uji wa asubuhi ile ulikuwa na chumvi, na Rogathe hakuwa ametia chumvi.

Alionja tena kwa ncha ya mwiko, akatema nje ya mlango wa jiko. Akaonja maji ya ndoo. Chumvi. Akaenda kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, akachota kwa kiganja. Chumvi vilevile. Watu wa Hanang wanaijua chumvi. Wanaichukua Ziwa Balangida, wanawalambisha ng'ombe, na viko visima ambavyo maji yake yanakaza ulimi. Lakini hii haikuwa na ladha ya magadi. Ilikuwa nzito, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya mafuta machafu, kama ya trekta lililokaa muda mrefu karakana.

Harufu ya matrekta aliijua vizuri. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la ngano la serikali, mpaka ilipotangazwa kwamba mashamba yanauzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Akarudi kijijini kwao Nangwa na godoro na redio yake, akamkuta baba yake, mzee Joakimu Sulle, anaishi peke yake na macho yameshafifia. Mwaka huo mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na kila mtu pale sokoni alikuwa na habari ya jambo zuri linalokuja. Rogathe alikuwa anasikiliza tu.

Alimpelekea mzee uji hivyohivyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mzee akanywa funda moja, kikombe kikabaki mdomoni.

"Baba, kuna nini?"

"Maji umechota wapi?"

"Palepale bombani."

"Haya ni maji ya bahari," akasema taratibu. "Yamwage, mwanangu."

Nangwa nzima walimwita Mzee Manowari. Wakati wa vita vya Hitla, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, aliandikishwa pale Mbulu pamoja na rafiki yake Shumbana, mtoto wa mwenye duka wa Dongobesh. Wakapelekwa Mombasa, na huko wakachaguliwa kuwa madobi kwenye meli kubwa ya vita, kufua nguo nyeupe za wanamaji elfu moja. Kwenye harusi watu walimwomba asimulie, naye alisimulia: meli ndefu kuliko soko lote la Katesh, tanuri lililotoa mikate ya watu elfu kabla jua halijatoka, Wazungu waliolala kwenye machela yanayoning'inia kama popo, mzinga ambao ukipigwa juu, vikombe vinapasuka chini. Watu walicheka. Mwishoni aliwaambia, kila mara kwa maneno yaleyale, kwamba Shumbana alikufa papo hapo siku meli ilipopigwa, na hakuumia.

Siku ya tatu baada ya uji ule, saa sita mchana, Rogathe alikuwa anapepeta maharage uani aliposikia chuma kinagongwa. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Alifikiri ni Bura, fundi seremala wa jirani. Kisha akatambua kwamba sauti haikutoka kwa jirani. Ilitoka ndani ya nyumba, chini ya sakafu ya chumba cha kuwekea mahindi. Ile sakafu ilikuwa saruji juu ya udongo. Chuma hakikuwepo.

Aliingia akamkuta mzee amepiga magoti, ameweka sikio sakafuni. Nyumbani walizungumza Kiiraqw, lakini maneno aliyoyasema mzee pale yalikuwa ya Kiswahili, na sauti ilikuwa ya kijana.

"Tunakuja," alikuwa anasema. "Subiri kidogo. Tunakuja."

Tangu siku hiyo kugonga hakukukosa mchana hata mmoja. Katekista Pascal alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza pembe nne za chumba, na alipolamba kidole chake akakuta chumvi, akafunga kitabu, akasema atarudi na padre. Ng'ombe walikataa kunywa. Ukutani, kwa chini, pakatokea mstari wa unyevu mweusi uliopanda kidogo kila siku, na ukiugusa kidole kinarudi na mafuta.

Rogathe alikwenda Katesh kumwita Mama Tawakali, mwanamke wa Kiislamu ambaye hata Wakristo walimfuata kwa siri mambo ya majini yalipowashinda. Alikuja alasiri, na chetezo chake na ubani. Alipoutia ubani kwenye makaa, moshi haukupanda. Ulimwagika ukingoni, ukatambaa sakafuni kama kitu cha majimaji, ukaingia kwenye ufa mmoja, ukaisha.

Mama Tawakali aliweka chetezo chini. Kisha akainama.

"Wewe uliye huko," akasema kwa sauti ya chini, "ni nani, na unataka nini?"

Kugonga kukasimama. Na kutoka chini ya saruji, karibu kabisa, kama mtu aliyeweka mdomo upande wa pili wa ubao, sauti ya kijana ikauliza, "Joakimu. Mmefika wapi?"

Mzee alianza kulia bila sauti. Rogathe hakuwahi kumwona akilia, hata mama yake alipozikwa.

"Baba," akanong'ona, "huyo ni nani?"

Ndipo mzee alipoyasema. Siku ile Shumbana alikuwa ametumwa stoo ya sabuni, chini kabisa ya meli. Kombora likaja chini ya maji, meli ikainama, bahari ikaanza kuingia. Afisa akaamuru milango ya chini ifungwe, la sivyo meli inazama na watu wote. Joakimu na Mzungu mmoja wakazungusha gurudumu la mlango wa chuma, wakaukaza. Hawakujua kama ndani yuko mtu. Walijua alipoanza kugonga.

"Haikuwezekana kufungua," mzee akasema. "Ukifungua, watu elfu wanakwenda. Lakini kule kugonga kuliwaumiza mabaharia, wengine waliziba masikio kwa sabuni. Basi afisa akaniweka mimi pale, kwa sababu nilijua Kiswahili, lugha ya Shumbana. Akaniambia, zungumza naye, mwambie tunakuja, ili atulie. Nikakaa. Siku tatu, na asubuhi ya siku ya nne."

Mama Tawakali alikusanya vitu vyake polepole.

"Mtoe, mama," Rogathe alimwomba. "Tafadhali."

"Nimtoe kwa neno gani?" Mama Tawakali hakumwangalia. "Rafiki yake baba yako alikufa, na Mungu amempumzisha. Huyu ni mwingine. Baharini wapo wanaokaa kwenye giza la meli. Huyu alikuwa mlemle ndani wakati baba yako na rafiki yake wanazungumza, akazoea kujibiwa. Sasa kila ninalomwambia yeye analisikia moja tu, kwamba tunakuja. Nendeni kwa ndugu wa marehemu, mrudishe ule uongo wa kifo cha papo hapo kwa wenye mtu wao. Pengine itasaidia." Mlangoni akageuka. "Ila ikitokea akaomba kufunguliwa, msimfungulie. Maji yakishapata njia hayachukui mtu mmoja."

Walisafiri siku mbili. Walipanda basi mpaka Babati, wakalala kwa Evaline, binti wa Rogathe, na kesho yake gari la Mbulu likawashusha Dongobesh. Mdogo wake Shumbana, bibi aitwaye Raudha, aliwapokea nyuma ya duka la vitambaa. Rogathe akampa shikamoo, na Raudha naye akampa mzee shikamoo, akamshika mkono kumkalisha, akamwita kaka. Aliagiza chai ya maziwa.

Mzee alieleza yote, kichwa chini. Alipomaliza, ilisikika cherehani ya nje tu.

"Siku tatu," Raudha akasema.

"Na asubuhi ya nne."

"Alikuwa anasema nini?"

"Aliuliza tumefika wapi. Aliniomba niimbe, nikaimba. Siku ya mwisho akaniuliza nani aliyefunga mlango."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia mlango umeharibika."

Raudha alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Mama yangu alikuombea kila Ijumaa mpaka anakufa. Alikuwa anasema, yule kijana wa Kiiraqw alituletea habari njema, kwamba mwanangu hakuumia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mimi siwezi kukusamehe," akasema, bila hasira. "Hukunifungia mimi." Akasogeza vikombe karibu yao. "Kunyweni chai. Gari la jioni halisubiri."

Waliporudi Nangwa nyumba ilikuwa kimya. Maji ya pipa yalikuwa matamu, ukuta umekauka. Rogathe alipika ugali na mlenda, akala mpaka akashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, na aliposimama kumnawisha baba mikono akahisi, kwenye kifundo cha mkono wa mzee, chini ya ngozi, kitu kinagonga mara tatu, kinasimama, kinagonga mara tatu.

Asubuhi alimpeleka kwa daktari Katesh. Daktari, kijana tu, aliweka kipimo kifuani, akasikiliza, akakitoa masikioni akakikagua, akakirudisha. Akasikiliza muda mrefu sana.

"Mzee aliwahi kufanya kazi kwenye mitambo?" akauliza.

"Zamani. Kwa nini?"

"Hakuna kitu," akasema, akaandika dawa za kuongeza damu, kisha akakifungia kile kipimo kwenye droo.

Mzee Joakimu alifariki Jumatano mchana, amekaa kwenye kiti chake uani, jua linamwakia usoni, mlima Hanang hauna hata wingu. Na kutoka puani na mdomoni mwake yalitoka maji mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu, yakapita katikati ya kuku mpaka kwenye lango, na kuku walikimbia.

Siku ya Ijumaa watu walijaa. Jeneza alilotengeneza Bura lilikuwa sebuleni juu ya stuli mbili, wanawake wamekaa sakafuni pembeni na watoto wao, na Pascal alikuwa amefika katikati ya somo wakati jeneza lilipogongwa kutoka ndani. Ko, ko, ko. Alisoma mstari uleule mara mbili. Ko, ko, ko. Wanaume wakatazamana, Bura akatoa bisibisi mfukoni bila kuambiwa, wakafungua, na wote waliokuwa karibu wakaona kwamba mzee amekufa kweli, amekauka kama kuni, ila nywele zake zimelowa na kope zake zimegandana kwa chumvi. Mzee mmoja akaweka kioo mbele ya mdomo. Kioo hakikupata ukungu. Wakafunika.

Kugonga kukaanza upya kabla skrubu ya pili haijaingia, na safari hii mikono ilikuwa miwili, mmoja wa haraka kama wa kijana, mwingine wa polepole, unaochoka. Ndani ya ule wa polepole Rogathe alimtambua baba yake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akigonga mlango maisha yake yote, kwa kiganja, kama anayeona haya kusumbua. Na maji yakaanza kutoka kwenye viungo vya mbao, kwanza matone, kisha mchirizi, kisha yakawa yanamwagika meusi na baridi juu ya sakafu, yakafika kwenye kanga za wanawake, yakafika kwenye vifundo vya miguu, watoto wakainuliwa mabegani, mtu mmoja akaufikia mlango wa nje akauvuta na haukufunguka, wakauvuta watatu na haukufunguka, na ule mlango ulikuwa wa mbao nyepesi za mkrismasi ambao mbuzi alikuwa akiusukuma kwa kichwa.

"Rogathe," ikaita sauti ya baba yake kutoka ndani ya jeneza, kwa Kiiraqw. "Mwanangu. Nifungulie."

Watu wote walimwangalia yeye, mtoto wa kwanza, na Pascal alisogea mpaka mdomo ukafika sikioni kwake.

"Mama Evaline," akanong'ona, "tufanyeje?"

Maji yalikuwa yamefika magotini. Mtoto wa mke wa Bura, wa miezi minne, alikuwa ameshikwa juu kwa mikono miwili karibu na dari. Rogathe aliweka kiganja chake juu ya kifuniko, akahisi kiganja kingine kinajibu upande wa chini, mahali palepale, kidole kwa kidole, na akajua kwamba hata kama ni jini linaloiga, na hata kama silo, yeye hatajua kamwe.

"Kaza skrubu," akamwambia Bura.

"Mama—"

"Kaza zote. Mwimbe. Mwimbe kwa nguvu."

Walipoikaza ya mwisho mlango ukafunguka wenyewe na maji yakatoka nje kwa kishindo, yakamezwa na shamba la alizeti. Wakalibeba jeneza wakikimbia zaidi kuliko kutembea. Kaburini waliimba wimbo mmoja mara nyingi, juu zaidi kila lilipoitwa jina la Rogathe huko chini, na makoleo yalifanya kazi haraka, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Udongo ukapandishwa, ukashindiliwa. Wanawake walijitwika vyombo wakaondoka bila kula chakula cha msiba, na mwisho alibaki Rogathe amekaa kwenye udongo mbichi, miguu ameinyoosha, na Pascal amesimama karibu naye.

Kugonga kulisikika bado, kwa mbali. Kulipanda kupitia udongo mpaka kwenye nyayo.

"Twende nyumbani, mama," Pascal akasema. "Huna la kufanya tena."

"Najua."

"Sasa unakaa kwa nini?"

Rogathe alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

"Nikiondoka," akasema, "atajua kwamba hakuna mtu."

Pascal alipangusa udongo mikononi. Kisha akavaa kofia yake, akateremka kuelekea barabara ya Singida, na alipokuwa amefika mbali alisikia kwamba Rogathe ameanza kuimba.