Nilivaa Joho la Unesi Guangzhou, Nyumbani Baraza Likanikataa

Nina umri wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, mzaliwa wa Mafinga, na kwa sasa naishi hapa Guangzhou nikifanya uwakala. Wafanyabiashara wakitoka nyumbani kununua nguo na simu, mimi ndiye ninayewapokea. Nawazungusha sokoni, nabishana na akina laoban, wale mabosi wa maduka, kisha nasimamia mizigo yao ikipakiwa. Ni kazi halali na inanilisha. Lakini ndoto yangu tangu usichana ilikuwa unesi...

Naandika haya nikiwa na hasira, sitawaficha. Anayetafuta maneno ya kusamehe humu ndani atachoka bure.

Hapa Xiaobei, mtaa tunaoishi Waafrika wengi, kuna mwanamke anaitwa Mama Glory. Ndiye kiongozi wa kwaya katika ibada yetu ya Jumapili. Ukimwona alivyojifunga kilemba chake, anavyofumba macho wakati wa maombi, utadhani ni mke wa askofu. Mke wa askofu wapi! Ni dalali tu. Tena afadhali madalali wengine, maana wanauza suruali na spika, vitu ambavyo angalau unaviona.

Alinipata katika wakati wangu mbaya. Mchungaji wa kwetu alikuwa amenipigia simu kwamba muuguzi wa zahanati ya kanisa anakaribia kustaafu, na wazee wa kanisa wangependa nafasi ile ichukuliwe na mtoto wa pale pale. Wangenisubiri mpaka nisome. Nililia kwa furaha! Lakini ningesomaje? Niache kazi, nikalale bwenini na wasichana wadogo?

Mama Glory akaja na jibu. Chuo cha ng'ambo, masomo yote kwenye simu, diploma kamili ya uuguzi, na yeye ndiye mwakilishi wao hapa.

“Mdogo wangu, dunia imebadilika,” aliniambia. “Maduka yenyewe yamehamia kwenye simu, itakuwa shule?”

Nikajiandikisha, na ada nikamlipa yeye mkononi. Tulikuwa akina dada kadhaa, wote wa biashara. Na nilisoma, jamani! Nikiwa kwenye treni ya chini ya ardhi kuwapeleka wateja kwenye maonyesho kule Pazhou, nasikiliza somo la moyo na mapafu. Nikiwa soko la Yide Lu nawasubiri wachague midoli, nakariri mifupa. Muuzaji anapiga kelele “meiyou!”, bei hiyo hakuna, na mimi niko kwenye mfupa wa paja.

Yakaja mafunzo ya vitendo. Nikamuuliza Mama Glory ni hospitali gani ya hapa itatupokea sisi wageni. Akacheka kana kwamba nimeuliza swali la chekechea.

Mnapaswa kuelewa jambo moja. Huku Guangzhou mteja akiugua, wakala ndiye anayempeleka hospitali. Unamchukulia namba ya foleni, unamweleza daktari kwa Kichina mgonjwa anaumwa wapi, kisha unamweleza mgonjwa kwa Kiswahili daktari kasemaje. Kila wakala anafanya hivyo. Basi Mama Glory akatangaza kwamba hayo ndiyo mafunzo yenyewe!

“Hospitali si unaingia? Mgonjwa si unakaa naye? Sasa unataka vitendo gani tena?”

Na yeye mwenyewe, eti msimamizi wa wanafunzi wote wa Guangzhou, akatusainia. Mwanamke ambaye akiona damu ya kuku anageuza uso!

Nikaamini. Mtaniuliza, kwa nini? Kwa sababu sisi wa kazi hii tunaishi kwa neno la mtu wa kati. Kiwanda hukijui, mmiliki humjui, unamjua aliyekuletea sampuli. Akisema mzigo ni mzuri, unaagiza. Nami diploma niliiagiza hivyo hivyo. Chuo chenyewe kiko nchi gani hasa? Mpaka leo sijui.

Mahafali tulifanyia kwenye mgahawa wa Mkongo mmoja mtaa wa Dengfeng. Majoho yalishonwa na fundi Mchina aliyekuwa hajui tunasherehekea nini. Mama Glory alivaa jekundu lenye kola ya manyoya, akatutunuku mmoja mmoja huku samaki wakikaangwa nyuma yake. Nikikumbuka picha zile natamani kutapika... Siku ile nililia machozi ya furaha.

Nikafunga safari ya nyumbani, moja kwa moja. Chumba nikakiacha, wateja wangu nikawagawia wenzangu. Mama Glory akanipa kifurushi kilichofungwa gundi kote, nimpelekee binti yake Glory. Huo ni utaratibu wetu, anayerudi nyumbani hubeba vya wenzake bila kuuliza. Akanisisitiza nisihangaike, mjomba wa Glory atakuja kukifuata Mafinga.

Nyumbani nilipokelewa kama bibi harusi. Vitenge vilitandikwa, kwaya iliimba, mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mchungaji akanionyesha chumba cha sindano. Akasema limebaki jambo moja tu, leseni ya baraza la wauguzi, maana bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kugusa mgonjwa.

Nikaenda Dodoma. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulioniua. Aliniambia chuo changu hakitambuliki. Nikasema labda nifanye tu mtihani wa leseni, nimesoma, anipime! Akasema hata mtihani siwezi kukaa mpaka niwe nimefanya vitendo katika hospitali inayotambuliwa, chini ya muuguzi aliyesajiliwa.

“Dada, umewahi kumzalisha mama?”

“Hapana.”

“Umewahi kutundika dripu? Kufunga kidonda?”

“Hapana.”

“Sasa hospitalini ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa... natafsiri.”

Hakucheka. Laiti angecheka! Alinitazama kwa huruma, akanieleza kwamba nikitaka unesi nianze mwaka wa kwanza katika chuo kinachojulikana, kama msichana aliyemaliza shule jana. Nilimwomba, nikamlilia, nikamtajia zahanati na wazee wanaonisubiri. Hapana yake ilibaki ile ile.

Mjomba wa Glory hakuwa ametokea, hivyo kifurushi nilisafiri nacho, maana Glory alikuwa akisoma Iringa, mji ulio njiani kurudi Mafinga. Nikampigia, akanielekeza. Nilishuka Iringa nimechoka mwili na roho, kifurushi kwapani. Nikajikuta mbele ya lango la chuo cha uuguzi!

Akatoka binti mrefu, mcheshi, kavaa sare. Alinisalimia “shikamoo, mama mdogo” kwa adabu zote, akafungua kifurushi pale pale kwa furaha. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vya wodini, saa ya kubandika kifuani na kipimo cha presha. Mwaka wake wa pili, akaniambia. Wiki ile walikuwa wanaanza zamu wodi ya wazazi.

Nikamuuliza, kwa nini asisome kwa simu kama sisi wa Guangzhou?

“Mimi ndiye niliyetaka hivyo, ili nimfuate mama huko,” akajibu. “Mama akakataa kabisa. Alisema baraza halitambui, eti wameshamrudisha dada mmoja wa huko kabla yenu.”

Mmesikia? Alijua! Wakati anafumba macho kwenye maombi, alijua. Wakati ananivalisha joho, alijua. Na mimi nikambebea mwanawe viatu vya kuingilia wodini, nimevikumbatia njia nzima visibonyee!

Zahanati haikuweza kuningoja miaka mingine. Wakamchukua msichana kutoka wilaya nyingine. Nyumbani sikuweza kukaa, maana kila nikipita mtu aliniita nesi. Nikarudi Guangzhou kuanza upya, katika chumba kidogo kuliko kile cha kwanza.

Jumapili ya kwanza nilimsubiri Mama Glory nje ya ibada, nikamkabili mbele ya kwaya yake. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini mwanao umempeleka chuo cha kweli?

Hakuona haya. Alirekebisha kilemba, akaniambia kama mtu anayemfundisha mtoto:

“Rehema, usichanganye mambo. Glory anataka kuwa nesi.”

Na sisi je? Sisi tulitaka kuwa nini, wachekeshaji? Nilimtemea mate miguuni. Wanakwaya walinishika wakaniambia nimwombe radhi mtumishi wa Mungu. Sikumwomba, na sitamwomba. Bado anaongoza kwaya. Bado anaandikisha. Na wale wanaomsalimia kwa kuinama hali wanajua, nao ninawadharau.

Wasomaji wenzangu, hasa dada zangu mlio ughaibuni, nawasihi. Kabla hujajiandikisha kozi yoyote ya kutibu watu, usimuulize anayeiuza. Liulize kwanza baraza la nchi unayotaka kufanyia kazi, chuo hiki mnakitambua? Vitendo nitafanyia wapi, na nani atanisimamia? Wakisema hapana, achana nacho, hata kama mwenye kukileta anaimba kama malaika. Kusoma kwa mbali si kosa, lakini mgonjwa hafungwi kidonda kwa simu. Na ukimwona anayekushawishi, muulize mwanawe anasoma wapi.

Mimi nafasi yangu imekwenda. Mama yangu ana kisukari, na anachomwa sindano zake pale pale zahanati ya kanisa. Juzi aliniambia kwenye simu, kwa nia njema kabisa, kwamba yule msichana waliyempata ana mkono mwepesi, sindano yake haiumi.