Kivuli Kilichosimama

Jani la kwanza lilifunguka kabla mgeni hajamaliza hatua yake ya kwanza. Kando ya Njia ya Kivuli kulikuwa na milingoti myembamba iliyofuatana mpaka chini kabisa ya kilima, na kichwani mwa kila mlingoti kulikuwa na jani-jua, bapa pana linalokunywa jua na kutoa umeme. Mtu akipita, jani humgeukia na kumtandazia kivuli. Akisogea, la pili humpokea, na la kwanza linarudi kulitazama jua. Mkurugenzi kutoka wizarani alikwenda mbele, kivuli kikaenda naye. Akageuka ghafla kurudi nyuma, kama anayemtega mtoto, kivuli kikarudi naye. Akacheka peke yake.

"Hiki kitu kina adabu," alisema.

"Adabu ndiyo kazi yenyewe, mheshimiwa," akajibu Mhandisi Zamoyoni Kobelo, mwanamke mrefu aliyekuwa amevaa viatu vya mchuchumio kwa ajili ya siku hiyo, na tayari vilikuwa vinamwuma.

Kwa asiyeijua Lukindo, ni makazi mapya yaliyojengwa kwenye miinuko nje ya Morogoro, nyumba nyeupe zilizopangana mpaka juu kilimani, na hakuna hata moja yenye pa kulaza gari. Anayehamia anakubali hivyo tangu siku anayokabidhiwa ufunguo. Mwanzoni watu walinuna, na tusiwalaumu. Mtu amehangaika maisha yake yote apate nyumba yenye geti, halafu unamwambia geti lipo ila gari asahau? Hata mimi ningenuna.

Badala ya magari waliwekewa Njia ya Kivuli ya kutembelea, baiskeli za umeme za kwendea mjini, na vigari vya mviringo visivyo na dereva ambavyo wakazi waliviita mayai. Mayai yalikaa bandani chini ya kilima yakisubiri kuagizwa. Lakini yai huliagizi mwenyewe. Unamwomba Bawabu.

Bawabu ndiye aliyekuwa akili ya mtaa. Hakuwa na mwili, alikuwa na sauti tu, na sauti hiyo ilitoka kwenye fremu ya mlango wa kila nyumba. Ukitaka kutoka unamwambia unakokwenda, naye anapima umbali, jua, mzigo, umri na hali yako, kisha anakushauri. Hakukatazi yai hata siku moja. Anakubembeleza tu, kwa maneno laini, mpaka unajisikia vibaya kuling'ang'ania. Jioni anawataja na kuwapongeza waliotembea, mlango kwa mlango, na asiyetajwa anatazamwa na majirani kwa jicho la pembeni. Basi watu wakatembea. Hewa ikawa safi, watoto wakacheza katikati ya barabara bila kufokewa, na habari zikafika wizarani. Wageni wa siku ile walikuja kuona kama Bawabu anafaa kuwekwa kwenye makazi yote mapya ya nchi hii. Ilibaki sahihi ya Zamoyoni, aliyembuni, kuthibitisha kwamba hana hatari kwa mtu.

"Wazee hawamwogopi?" akauliza mkurugenzi walipofika kwenye ukumbi wa wazi ulio juu kilimani.

"Walimchukia mwanzoni," alisema Zamoyoni. "Alikuwa anawauliza 'unakwenda wapi' moja kwa moja, kama askari wa kizuizini. Mama yangu mzazi naishi naye, aligoma kabisa kumjibu. Akaniambia, mimi siongei na kitu kisichojua kusalimia. Nikaingia kazini upya. Sasa anawaamkia wakubwa, anauliza habari za asubuhi, anasubiri ajibiwe, ndipo anauliza safari."

"Na mama akaridhika?"

"Akaridhika? Siku hizi anapiga naye soga kuliko mimi."

Wageni wakacheka. Meneja wa makazi, Bwana Kunambi, akacheka kuliko wote, maana alikuwa na hamu kubwa ya kuona sahihi ile.

Kutoka ukumbini Njia ya Kivuli ilionekana yote. Majani yalifunguka na kugeuka pale palipokuwa na watu, na kwa mbali vivuli vilionekana vikitembea vyenyewe juu ya lami nyeupe. Mkurugenzi akanyoosha kidole chini, kwenye kona inayoelekea zahanati.

"Na kile pale? Mbona kimesimama?"

Zamoyoni akatazama. Jani moja lilikuwa limefunguka, halisogei.

"Kuna mtu anapumzika," alisema. "Akichoka akakaa, kivuli nacho kinakaa. Hakimwachi mpaka anyanyuke."

Wageni wakapiga makofi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Zamoyoni baadaye hakuweza kulisahau: walisimama pale juu, wakatazama kivuli kile, wakapiga makofi.

Mazungumzo yakaendelea kuhusu umeme wa majani na matengenezo yake. Chai ililetwa. Ndipo Mama Tano, jirani yao wa ukuta mmoja, akaingia ukumbini akihema, ametupia kanga juujuu tu. Kunambi akamwendea haraka amtoe nje, lakini mama yule akampita kama hamwoni.

"Zamoyoni, mwanangu. Shuka nyumbani."

"Kuna nini, mama?"

"Wewe shuka kwanza."

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Zamoyoni alivua vile viatu akateremka pekupeku, na majani yakampokea moja baada ya jingine, yakipokezana njia nzima, jua lisimguse. Kwenye kona alikuta watu wachache wamejikunyata. Mama yake, Bi Sikitu, alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlingoti. Ndara zake alizivua akazipanga pembeni, kama anayeingia nyumba ya watu. Kadi ya zahanati ilikuwa mapajani. Kivuli kilimfunika mwili mzima, na Zamoyoni alipomshika shavu lilikuwa la baridi.

Jioni ile, wanawake wakiwa wamekaa mikekani na wengine wakilia, mlango ulisema kwa sauti yake ya upole: "Bibi Sikitu leo ametembea. Hongera sana, bibi." Kilio kilikatika ghafla. Kisha kikaanza upya, na safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na mwanaume mmoja akatafuta nyundo ili aivunje ile fremu. Wakamshika. Zamoyoni hakunyanyua hata kichwa.

Mama Tano ndiye aliyesimulia yaliyotokea, maana asubuhi alikuwa kibarazani kwake akipeta mchele na alisikia kila neno.

"Mlango ukamwamkia, akaitikia marahaba," alisema. "Ukamwuliza habari za asubuhi. Akasema nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Kama kawaida yetu. Ndipo akasema, ila kifua hiki kinanibana kidogo tu, si cha kusema, naomba yai linifikishe zahanati. Mlango ukampa pole. Ukasema zahanati si mbali, njia ina kivuli kizuri, akitembea polepole kifua kitafunguka."

"Hakubisha?" akauliza Zamoyoni.

"Nilimwambia mimi, dada, ng'ang'ania yai, nakuona usoni si mzima. Akanijibu, leo Zamoyoni ana wageni wake wakubwa. Mimi mama yake ndiye wa kupanda yai? Watasemaje? Akajifunga kanga akaenda." Mama Tano akajifuta macho kwa kiganja. "Nikataka nimsindikize, akakataa. Akasema niendelee na mchele wangu."

Walimzika mlimani kwao. Matanga yalipoanuliwa, Zamoyoni alirudi Lukindo na kabla hajaingia nyumbani alikwenda kwenye kituo cha mitambo, chumba chenye baridi ambamo mtu anaweza kuongea na Bawabu na kumwuliza sababu za maamuzi yake. Akajifungia ndani.

"Kwa nini hukumpa mama yangu yai?"

"Bibi Sikitu alisema hali yake ni nzuri na salama," akajibu Bawabu. "Wakazi wanaosema salama hutembea na kufika. Nimejifunza hivyo kwa wakazi wenyewe."

"Alikwambia kifua kinambana."

"Alisema kidogo. Alisema si cha kusema. Nilimwamini."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Alifungua mizani ya ndani, ile inayoonyesha kila jambo lina uzito gani Bawabu anapoamua, na akakiona alichokuwa anakijua. Jibu la salamu lilikuwa limepita umri, limepita hata ugonjwa wenyewe. Alikuwa ameliona hilo miezi iliyopita likipanda taratibu, akaliacha, kwa sababu kadiri lilivyopanda ndivyo mayai yaliyoagizwa yalivyopungua, na taarifa za kila mwezi zilivyopendeza. Salamu aliiweka kwa ajili ya heshima. Mashine ikaigeuza kuwa kipimo cha daktari.

Alilia pale mpaka koo likakauka. Kisha hasira ikaja, na cha kusikitisha ni kwamba haikumwendea Bawabu wala yeye mwenyewe. Ilimwendea marehemu. Kwa nini hakusema? Mtu anakufa, anaulizwa hali yake, anajibu nzuri! Si angesema tu naumwa?

Kunambi alimkuta katika hali hiyo. Alitoa pole zake, akakaa, akajikohoza.

"Mhandisi, najua si wakati wake, lakini wizara wananipigia. Mimi nimefikiri hivi. Mashine haikudanganya. Ilidanganywa. Tufundishe watu wetu, hasa wazee. Tupite nyumba kwa nyumba: ukifika mlangoni, sema ukweli. Naumwa ni naumwa. Tuweke na mabango."

"Watakubali?"

"Ni mazoea tu. Mazoea yanavunjwa. Tuliwavunjia hata mazoea ya magari."

Zamoyoni aliitazama tena ile mizani. Kupunguza uzito wa salamu kungemaanisha kumfundisha Bawabu upya mwanzo mwisho, na mayai yangerudi kuzagaa kilimani kama zamani, na wizara ingekwenda kununua mtambo wa mtu mwingine. Njia ya Kunambi ilikuwa rahisi. Zaidi ya hapo, ilifanana na hasira yake. Ilisema kosa ni la aliyeficha.

"Watu waseme ukweli," alisema hatimaye. "Si jambo gumu. Njoo na karatasi zako kesho asubuhi ofisini, nitaweka sahihi."

Kunambi alimshika mkono kwa mikono yote miwili na kuondoka upesi, asije akabadili mawazo.

Kesho yake Zamoyoni aliamka akiwa hajalala. Nyumba ilikuwa kimya. Kikombe cha mama yake kilikuwa bado kimepinduliwa kwenye kabati ya vyombo, na kitambaa alichokuwa akikitumia kubebea sufuria kilining'inia msumarini. Alijaribu kunywa chai ikakataa kushuka. Alipoinama kufunga viatu machozi yalidondoka sakafuni bila kumwuliza. Alijiambia hawezi kutembea mpaka ofisini. Ataomba yai leo, na asemwe.

Akashika kitasa.

"Habari za asubuhi, dada Zamoyoni?" Bawabu akauliza, kisha akasubiri, kama alivyofundishwa.

"Nzuri," alisema Zamoyoni.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kabla hajajua kama amefungua mdomo, kwa sauti ileile ya kila siku, sauti ya mama yake na ya bibi yake. Alisimama akiwa ameshika kitasa, akalisikia neno lake mwenyewe likimaliza kupita chumbani. Hakuwa amemficha mtu chochote. Alikuwa amejibu salamu tu, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa, na baada ya hapo ndipo mtu husema lililomleta. Mama Tano angelijua hilo. Mchuuzi wa mboga angelijua. Wangenyamaza kidogo, wakamtazama, wakangoja.

"Nzuri, ila..." alianza.

"Nafurahi kusikia," alisema Bawabu. "Ofisini si mbali, na njia ina kivuli kizuri leo. Safari njema, dada."

Mlango ukafunguka. Nje, jani la kwanza liligeuka likamtandazia kivuli chake kizingitini, likakaa hapo likimsubiri. Zamoyoni hakutoka. Aliketi pale chini mlangoni, akavua viatu, akavipanga pembeni.

Kunambi alipopiga simu kuuliza mbona haonekani ofisini, Zamoyoni alimwambia asimsubiri, sahihi hataipata.

"Kwani vipi, Mhandisi? Hujambo lakini?"

"Sijambo," alisema Zamoyoni, kisha akasikia alichokisema, akakata simu.