Bloku ya Pikapu ya Kaka

Asubuhi ya tatu tangu iletwe, Spana aliweka kiganja juu ya ile bloku ya injini akakiondoa haraka, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Bloku ilikuwa imelala juu ya magogo mawili sakafuni mwa karakana, pande tupu la chuma, haina hedi, haina pistoni, haina hata tone la mafuta, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli tangu jana. Ilikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza. Moto wa kitu kilichozimwa muda si mrefu.

"Labda jua limeipiga," alisema Nahodha.

Spana alitazama juu, kwenye mabati, akatafuta tundu ambalo jua lingepitia. Hakuliona. Akarudi kwenye kazi yake, maana alikuwa fundi wa miaka ishirini na mitano na hakutaka isemwe kwamba anaogopa chuma. Alikuwa ameiosha bloku kwa dizeli, kisha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, mara mbili, lakini bado ilinuka. Haikunuka oili. Ilinuka maziwa yaliyofurika jikoni yakaungulia motoni.

Boti ya Nahodha ilivusha watu na mizigo kwenda ng'ambo, safari nne kwa siku, yeye kwenye usukani na mkewe mlangoni akikata tiketi. Mwezi uliopita mfuko wa plastiki ulinasa kwenye tundu linalovuta maji ya kupozea injini. Injini ikachemka, bloku ikapasuka ufa wa urefu wa kidole. Spana aliupitisha ukucha juu ya ule ufa akatikisa kichwa. Ulikuwa ufa usiochomeleka, na bloku mpya ya boti ilikuwa ndoto ya mchana.

Ndipo kaka yake Nahodha alipopiga simu.

Kaka huyo ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, alisukuma mkokoteni mdogo wake apate daftari na viatu, akalala njaa mwenzake ashibe. Baadaye akanunua pikapu moja kuukuu, na pikapu hiyo ikamfungulia milango: zikawa tatu, likaja duka la vifaa vya ujenzi, ikaja nyumba ya ghorofa. Sasa alisema ile ya kwanza imesimama tu uani, mdogo wake aje achukue injini, hataki hata senti.

"Wewe ndiye kitinda mimba wa mama yetu," alisema. "Nikupe nini tena kama si kile kilichonitoa?"

Njiani kurudi na bloku, Nahodha aligeukia dirishani ili dereva asimwone machozi.

"Injini hizi mbili ni baba mmoja, mama mmoja," Spana alimweleza alipoanza kazi. "Zimetoka kiwanda kimoja. Tofauti ni nguo tu. Hii imevaa za barabarani, sisi tutaivisha za kuogelea." Akang'oa vizibo vya chuma ambavyo maji yangevila kwa kutu, akaweka vya shaba. Akahamisha pampu ya maji ya ile injini ya zamani na bomba la moshi linalopozwa kwa maji. Siku ya sita injini ikashushwa botini kwa mnyororo, ikakaa mahali pake kana kwamba ilizaliwa humo.

Walipoiwasha iliitika mara moja, ikanguruma laini kama cherehani. Majirani waliokuwa gatini walipiga makofi. Spana peke yake ndiye aliyebaki ameinama.

"Unasikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nasikia inanguruma vizuri."

"Chini ya mngurumo."

Nahodha aliinama, akaweka sikio. Chini ya mngurumo kulikuwa na kitu kingine, kikienda sambamba na mapigo ya pistoni, kikavu, cha karibu, kama mtu anayeongea na meno ameyauma. *Kitinda. Kitinda. Kitinda.* Hakuna aliyemwita hivyo pale gatini. Hata mkewe hakuwahi kumwita hivyo. Jina lile alilitumia kaka yake peke yake.

"Ni tapeti za vali zinagonga," alisema, akinyooka. "Zinahitaji kukazwa."

"Nahodha," Spana alijibu taratibu, "tapeti hazijui majina ya watu."

Lakini boti ilikuwa imekaa mwezi mzima bila kazi, na abiria walikuwa wakingoja. Wakaanza safari.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Mkewe ndiye aliyeona kwamba mumewe sasa haji kula mchana. Alimkuta amekaa juu ya kifuniko cha injini, injini imezimwa, viganja vyake vimebanwa juu ya mbao kama mtu anayeota moto.

"Unafanya nini hapa, mume wangu?"

"Inapoa nikienda mbali," alisema, na hakuonekana kujua kwamba amesema jambo la ajabu. Shati lake lilinuka maziwa yaliyoungua. Mkewe alilifua usiku huo huo kwa sabuni na ndimu. Asubuhi lilinuka vilevile.

Siku ya kumi, saa saba mchana, walikuwa katikati ya maji na abiria zaidi ya thelathini. Jua lilikuwa kali, maji yametulia kama yamepigwa pasi. Mke alikuwa akimsaidia mama mmoja kumfunga mtoto mgongoni alipohisi boti inageuka, polepole, pua yake ikielekea kule kwenye kina ambako boti haziendi. Akatazama usukani. Haukuwa na mtu. Akapita katikati ya magunia na magoti ya watu, akijaribu kutokimbia ili wasishtuke, akiuona usukani ukizunguka wenyewe, robo mzunguko, kisha robo nyingine, kama unaoshikwa na mtu mwenye subira, na alipofika nyuma alimkuta mumewe amepiga magoti, kifuniko cha injini kimefunuliwa, ufunguo wa kuwashia umo katika ngumi yake ya kushoto, umeshachomolewa, lakini injini inaendelea kunguruma, na mkono wake wa kulia unashuka ndani, unashuka taratibu kuelekea kwenye mkanda unaozunguka, mikono ya shati imelegea, macho yake wazi na yametulia kama ya mtoto anayenyonya, na pale katikati ya bloku na ubavu wa boti, mahali ambapo hata kidole hakipenyi, kulikuwa na mtu amechuchumaa, magoti yamemgusa kidevu, hamtazami yeye, hatazami abiria, anautazama ule mkono tu, anaungoja, kama mtu anavyotazama chakula kinapopakuliwa.

Hakupiga kelele. Alimrukia mumewe kiunoni akajitupa naye nyuma kwa uzito wake wote. Mkanda ulinyakua kitambaa cha shati na ngozi ya kiganja, ukaacha mkono. Injini ikapunguza mwendo, ikashuka, ikashuka, ikazima yenyewe kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Ile nafasi kando ya bloku ilikuwa tupu.

Boti nyingine iliwavuta hadi gatini.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama wa makamo aliyeshona sare za shule katika chumba kimoja cha kupanga. Aliwasikiliza huku akiendelea kushona. Walipofika kwenye harufu ya maziwa, akasimamisha cherehani.

"Injini mlinunua?"

"Nilipewa," alisema Nahodha.

"Na nani?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Yule mama akakunja kitambaa, akakiweka kando. "Mwanangu, jini wa kuokota njiani mimi namfukuza, hata leo hii. Huyu si wa kuokota. Huyu ana haki yake. Amepewa mtu."

"Amepewa na nani?"

Mganga alimtazama mke, na mke akatazama sakafu.

"Aliyempa atamke kwa kinywa chake kwamba amemnyang'anya mtu huyo," mganga alisema mwishowe. "Hapo haki yake itakwisha. Lakini atamke kwa moyo. Majini si kama sisi, hawadanganyiki kwa maneno matupu."

Nahodha alikwenda peke yake. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumsafishia kaka yake. Huenda hakujua. Huenda naye aliuziwa tu. Kaka alimfungulia mlango kwa mikono miwili, kama siku zote, kisha akauona mkono wake uliofungwa bendeji, na uso wake ukabadilika.

"Amekugusa?" aliuliza.

Hakusema *umeumia*. Hakusema *pole*. Nahodha alisimama palepale kizingitini, na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yakamtoka kichwani.

"Nani, kaka?"

Kaka akaketi. Kwa muda mrefu alisugua magoti yake. "Nilikuwa namwagia maziwa juu ya injini," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili. "Kila mwezi unapoandama. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na biashara ikaenda. Mwaka huu akasema maziwa yametosha. Nikampa mbuzi, akakataa. Nikamtajia mlevi mmoja wa mtaani, akacheka. Akasema anataka mtu ninayempenda."

"Una watoto wanne."

"Ninao."

"Ukanichagua mimi."

"Siku saba sikula, Kitinda. Usidhani ilikuwa rahisi."

Kilichomuumiza Nahodha ni kwamba alimwamini. Aliamini kabisa kwamba kaka yake alikaa siku saba na njaa, akimpima, akimkumbuka mtoto aliyemsukumia mkokoteni, akilia pengine, kisha akainua simu kwa sauti ile ya upole. Angekuwa adui angejua la kumfanya.

"Nirudishe," alisema. "Sitaki kingine. Tamka kwamba umenitwaa kutoka kwake."

Kaka alilia sana. Akamshika mabega, akasema mbele ya Mungu kwamba amemrudisha, mdogo wake si wa mtu mwingine, amekwisha kumrudisha. Alisema mara tatu. Nahodha alirudi nyumbani akiwa mwepesi kiasi cha kujiona mgonjwa.

Spana alifungua bolti moja baada ya nyingine bila mzaha wowote. Bloku ilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza ilinuka oili tu. Nahodha, mkewe na Spana waliipeleka kwa boti ya jirani hadi kwenye kina, wakaisukuma wote watatu majini. Ilizama bila kelele, na kitu pekee kilichopanda juu ni mapovu.

Tangu siku hiyo kaka alipiga simu kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili. "Umeamkaje, mdogo wangu?" "Salama, kaka." "Haya, Mungu akulinde." Basi. Mke alisema hiyo ni aibu inayomla, mwache aombe msamaha kwa namna yake. Nahodha naye akaanza kuzizoea zile simu. Ilifika mahali akawa anaamka mapema ili azingoje.

Asubuhi ya arobaini hivi simu ililia kama kawaida.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Salama, kaka."

"Haya. Mungu akulinde."

Kukasikika mlio mdogo, kama simu iliyowekwa mezani, lakini laini haikukatika. Nahodha alikuwa tayari anaishusha simu aliposikia, mbali kidogo, ndani ya chumba cha kaka yake, ghorofani ambako gari haliwezi kufika, injini ya dizeli inanguruma polepole. Kisha sauti ya kaka yake, ya chini, ya kubembeleza, haizungumzi naye.

"Bado mzima. Vumilia kidogo."

Nahodha aliibana simu sikioni. Mkewe, aliyekuwa akitandika kitanda, alimwona rangi ikimtoka usoni akasimama na shuka mkononi.

"Kaka," Nahodha alisema, "hujakata simu."

Injini ikanyamaza. Kaka alisikika akivuta pumzi, mara moja, mara ya pili, kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akakata.