Mazishi ya Remedios

Yadira Quintanar alikuwa akikimbilia ndege katika uwanja wa El Paso, tarumbeta mkononi, suti nyeusi ya mariachi, wanamuziki wa Kimeksiko, imemkaa sawasawa, vifungo vya fedha vikimeta toka kiunoni hadi kifundoni. Waya wa chaja uliolala sakafuni hakuuona. Akajikwaa, akamwangukia mwanamume aliyeketi sakafuni akichapa kwenye kompyuta kama anayefukuzwa.

"We kaka, unatega watu?"

"Samahani, dada! Chombo changu kinatua Mirihi."

"Mwambie rubani wako atazame njia!"

Walicheka, wakapeana namba. Jamaa aliitwa Rogelio Zamarripa, mwandishi wa riwaya za kisayansi, Mchicano, yaani Mmarekani wa asili ya Meksiko, wa Los Angeles kama Yadira. Alfajiri aliandika, mchana alifundisha chuoni, jioni alikuwa mbele ya wasomaji, leo Fresno, kesho San Antonio. Mapenzi yakajipenyeza humo humo, mengi yakiwa ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa chakula? Ngoja, nakuletea tamale za mahindi zenye nyama."

Asubuhi moja Yadira alipopiga, sauti ya Rogelio ilikuwa imekauka kwa kilio.

"Moyo wangu, siwezi kuongea. Leo namzika Remedios."

Simu ikakatika.

Yadira alijua Rogelio ana mashangazi wengi. Akaona huyo ni mmoja wao. Siku hiyo bendi yao ya wanawake ilikuwa irekodi wimbo wake wa kwanza, lakini aliwasihi wenzake, wakaiacha studio. Kabla ya adhuhuri walikuwa mlangoni kwa Rogelio na maua meupe, wakipiga maombolezo hadi majirani wakavua kofia.

Rogelio akafungua akiwa na kaptula ya kulalia, penseli sikioni.

"Pole, mpenzi. Marehemu yuko wapi?"

"Marehemu gani?"

"Remedios!"

"Aa... huyo nahodha wa chombo, kwenye riwaya. Nimelia kweli, Yadi!"

Doña Chelo, kiongozi wa bendi, alicheka hadi akashika ukuta. Yadira hakucheka.

"Studio tumeipoteza! Mtu wa karatasi unampa machozi, mimi hata jioni moja hunipi!"

Akamtupia maua kifuani, akaenda zake.

Rogelio akapiga simu wee, hazikupokewa. Riwaya ikaisha, mhariri akashangilia, lakini mwandishi hakuona utamu wowote. Jumamosi akavaa shati lililonyooka kwa pasi, akaenda mtaa wa Boyle Heights, kwenye uwanja ambako mariachi hungojea wateja.

"Nataka bendi," akamwambia Doña Chelo.

"Shughuli gani?"

"Posa."

Yadira, aliyekuwa miongoni mwa wenzake wa bendi, aligeuka ghafula. "Unamposa nani, nyota ya angani?"

"Mpiga tarumbeta mwenye hasira. Nimeshamwambia mchapishaji: Jumapili siandiki, sisafiri. Nataka kuishi na mtu anayenikimbilia msibani hata msiba usipokuwepo."

"Na nikikataa?"

"Nitalia. Safari hii kwa ajili yako."

"Binti, jibu!" Doña Chelo akafoka. "Unatuua kwa presha!"

Yadira akamkamata ukosi wa shati, akamvuta karibu.

"Nakubali. Ila wimbo wa posa yangu napiga mwenyewe. Hawa watakosea."

Akainua tarumbeta kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umeng'ang'ania ukosi. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.